Anza na Ukuta

11 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi nyumbani hatujambo. Mama anauguza jino na hataki kwenda kuling'oa. Mdogo wangu amepoteza sweta la tatu tangu shule zifunguliwe, na hili la mwisho anaapa kwamba liliibwa akiwa amelivaa. Baba tunamwona usiku tu. Kuna jengo la ghorofa tisa ambalo lifti zake zote mbili zimegoma, na fundi wa lifti hana Jumapili.

Hunijui vizuri. Mara ya mwisho tulipoonana nilikuwa na miaka minne, na ninachokumbuka ni fimbo yako na peremende uliyonipa. Mimi ndiye wajina wako. Sasa nina miaka kumi na tano, niko kidato cha pili.

Anwani yako nimeipata kwenye bahasha ya zamani ya marehemu Bibi. Ndani yake kulikuwa na picha. Umening'inia hewani, umevaa nguo za sarakasi, unacheka, na mikono miwili imekushika kutoka juu. Picha imekatwa kwa mkasi, kwa hiyo mwenye mikono haonekani. Kidole chake kimoja cha mwisho kimepinda. Ni nani? Baba hajawahi kutuambia kwamba ulicheza sarakasi. Alisema mguu wako uliumia ulipoteleza kwenye ngazi zenye maji.

Ombi langu ni hili. Shule yetu inaunda timu ya sarakasi. Mwezi wa kumi mwalimu wa michezo atachagua wanafunzi sita mbele ya wazazi. Mimi siwezi hata pushapu moja. Baba huniita Karatasi, kwa utani, kwa sababu nasoma sana na upepo ukipita napepesuka. Nilipopata zawadi ya insha alikuja, akakaa kiti cha mbele, akasinzia hadi mwisho. Namwelewa, alikuwa amechoka. Lakini ningependa siku moja aje anitazame na ashindwe kufumba macho.

Maktaba yetu ina vitabu viwili na vinapingana. Kimoja kinaanza na pete za kuning'inia, kingine kinaanza na kusimama kwa mikono. Mtu asiyejua kitu aanzie wapi?

Ni mimi, wajina wako.


3 Machi

Wajina,

Marahaba. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu anayekaa. Nashona maturubai na vifuniko vya magodoro kwenye karakana iliyo chini ya jengo ninamoishi. Cherehani ni ya kukanyaga, naikanyaga kwa mguu wa kushoto, kwa sababu wa kulia ni pambo. Mwenye karakana hunisifu kwamba sichelewi kazini. Chumba changu kiko hatua kumi na moja kutoka kwenye cherehani. Nitachelewaje?

Mpe mama yako pole ya jino. Salamu zimekwisha.

Hatuanzi na pete. Hatuanzi na kusimama kwa mikono. Hao walioandika vitabu vyako walitaka kuuza vitabu. Anza na ukuta. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja usawa wa mabega, kunja viwiko hadi pua iguse, rudi. Mwili mmoja kutoka kisigino hadi kisogo, usikatike katikati kama kitanda kibovu. Ukifanya ishirini bila kutetemeka, shuka kwenye meza. Kutoka mezani, shuka kwenye benchi. Sakafu utaikuta mwezi wa tano, na itakuwa imekungoja.

Lala chali, kandamiza kiuno sakafuni hadi karatasi isipite chini yake, kisha inua miguu na mabega. Utaona tumbo lako ni la uji. Chuchumaa hadi chini, inuka, visigino visiachane na ardhi. Viganja vizoeze kubeba uzito kila siku, sakafuni, umepiga magoti, taratibu.

Halafu tafuta bomba ung'ang'anie. Kuning'inia tu, mikono imenyooka. Usijivute. Kwenye nguzo, usawa wa macho ya mtu anayening'inia, andika kwa chaki namba 19. Hizo ni sekunde. Ndilo lengo lako la kwanza. Ukiuliza kwa nini si ishirini, sitajibu.

Picha irudishe ulikoitoa.

Baba yako usimwambie kwamba tunaandikiana. Umesema unataka ashindwe kufumba macho. Basi asijue kinachokuja.

Shangazi.


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mama alikubali kung'oa jino, lakini alipofika kwenye kiti maumivu yakaisha, akarudi nalo. Baba amemaliza lifti moja. Anasema ya pili ina waya uliochakaa upande usioonekana, na kwamba hampandishi mtu yeyote kwenye kitu ambacho hajakigusa kwa mkono wake mwenyewe. Huyarudia hayo mezani mpaka chakula kinapoa.

Nimeanza na ukuta kama ulivyosema. Nafanya nyuma ya maabara wakati wa mapumziko. Nilidhani hakuna atakayeniona. Mwanafunzi mwenzangu tunayemwita Springi, ambaye anabinuka mara tatu bila kugusa ardhi kwa mikono, aliniona siku ya pili. Aliwaita wengine. Wakajipanga. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Unausukuma uende wapi?" Sasa jina langu shuleni ni Bibi Ukuta. Watu wakipita karibu yangu huegemea ukutani na kukohoa kizee.

Sikuacha. Nilihesabu huku wanacheka, nikafika kumi na nne.

Kuning'inia kwenye bomba la uwanja wa michezo nimefika sekunde saba. Namba 19 niliiandika kwa chaki ikafutwa na mvua, kwa hiyo nimeirudia kwa rangi nyeupe ya viatu.

Hukunijibu kuhusu mwenye mikono.

Wajina wako.


20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo sote. Nilikuandikia barua mbili mwezi uliopita, labda hazikufika. Mazoezi yanaendelea vizuri. Nimeshuka kutoka mezani hadi kwenye benchi. Kuning'inia ni sekunde kumi na sita. Kila kitu kiko sawa na nafuata ulivyoelekeza.

Wajina wako.


30 Mei

Wajina,

Marahaba. Barua zako mbili zilifika. Nilikuwa na maturubai sitini ya kushona, na sikuona ndani yake swali lenye maana.

Hii ya tatu nimeisoma mara moja tu. Herufi zako za Februari zilisimama kama wanafunzi kwenye gwaride. Hizi zimelala, na mwisho wa kila mstari kalamu imeinuliwa mapema, kwa sababu kifundo cha mkono kinauma. Umejaribu kusimama kwa mikono. Si mara moja, maana mara moja haiharibu mwandiko. Ulitaka Springi akuone. Akakuona?

Umelia? Vizuri. Sasa nisikilize, Karatasi.

Misuli inakua kwa majuma. Kano zinakua kwa miezi, na haziombi ruhusa kabla ya kukatika. Ndiyo sababu mwanzo ni ukuta. Ukuta hauna haraka na hausifu mtu. Anayeruka mwanzo hadanganyi ukuta, anamdanganya yule atakayemwamini baadaye. Nilimjua mvulana mmoja aliyesema amefanya mazoezi miezi sita. Alikuwa amefanya wiki moja. Alikuwa na sauti nzuri sana ya kusema miezi sita.

Wiki tatu usiweke uzito wowote kwenye huo mkono. Chuchumaa, kandamiza kiuno, basi. Kisha rudi kwenye ukuta. Si kwenye benchi. Kwenye ukuta.

Ukinidanganya tena, barua zako nitazikunja niweke chini ya mguu wa cherehani unaoyumba. Zitakuwa na faida angalau.

Shangazi.


14 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe. Ni kweli yote. Springi aliniona, na alicheka nilipoanguka, kisha ndiye aliyenipeleka kwa muuguzi wa shule. Sijui nimchukie kwa lipi kati ya hayo mawili.

Nilipumzika wiki tatu nikarudi ukutani. Sasa nipo tena kwenye benchi, na mwandiko wangu unauona. Jana nilifika kumi na tisa. Nilipoachia nilikaa chini ya nguzo nikaitazama ile namba, nikajihisi kama mtu aliyemaliza kitabu kirefu. Viganja vimeota sugu. Baba alinishika mkono kuvuka barabara akashtuka. Aliuliza ni nini, nikasema ni jembe, tunalima bustani ya shule. Akageuza kiganja changu akakitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama cheti changu chochote.

Hilo jambo limenikaa. Huenda akanitazama hivyo mwezi wa kumi.

Mwalimu wa michezo amesema timu inahitaji washikaji wawili, wale wanaoning'inia kwa magoti na kumshika mwenzao hewani. Wengi wanataka kurushwa, hakuna anayetaka kushika. Nimejiandikisha.

Yule mvulana wa wiki moja alimwangusha nani?

Wajina wako.


25 Agosti

Wajina,

Marahaba. Karakana imepata feni. Inapuliza nyuzi zote mdomoni mwangu. Huo ndio muhtasari wa habari zangu.

Umejiandikisha kushika. Soma sentensi hiyo tena polepole, wewe unayependa kusoma.

Mshikaji hafungui. Hakuna somo la pili. Kiganja kikilowa hafungui, bega likiwaka hafungui. Ongeza sekunde tano kila wiki. Ukifika sitini, ning'inia ukiwa na begi la vitabu mgongoni. Vitabu vyako hatimaye vitakufaa.

Mwambie mwalimu wako hivi. Siku ya wazazi, kabla ya kuchagua, kuwe na mchezo wa kuning'inia, mzazi na mtoto wake kwa zamu kwenye bomba lile lile. Mzazi aanze. Watu hupenda kuwacheka wazazi, atakubali. Baba yako umwite kwa sauti, mbele ya watu, mara ya kwanza na ya pili, asipate mahali pa kupitia. Na namba yako kwenye nguzo uipake upya, iwe nyeupe.

Ulitaka akutazame. Nakuhakikishia atakutazama.

Shangazi.


18 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Mama aling'oa jino Jumatatu. Mdogo wangu ameomba apewe, ameliweka kwenye kiberiti. Nimeandika hayo kwa sababu barua huanza hivyo. Sasa nakuambia lile ulilotaka kusikia.

Ilikuwa Jumamosi. Baba alikuja na shati la kazini, akakaa kiti cha mbele, hakusinzia. Mwalimu alipotangaza mchezo wako, wazazi walicheka. Mama mmoja alining'inia na mkoba wake begani akashuka baada ya sekunde nne, akapigiwa makofi. Nikamwita Baba. Akatikisa kichwa. Nikamwita tena kwa sauti, kama ulivyosema. Mtu nyuma yake akasema labda fundi wa lifti amezoea kupandishwa na umeme. Kila mtu akacheka, na mimi pia nilicheka, Shangazi. Akavua saa yake, akanipa niishike.

Aliruka akalishika bomba. Watu wote uwanjani wakaanza kuhesabu. Alikuwa imara, nakuambia ukweli, mabega yake hayakutikisika. Walipofika kumi na mbili akageuza uso, akaiona namba. Aliniuliza kutoka kule juu, sauti ya kawaida kabisa, nani ameiandika. Nikasema mimi. Nilisema kwa fahari.

Wakahesabu kumi na saba, kumi na nane. Kumi na tisa, akashuka.

Watu walipiga makofi. Yeye alisimama pale akitazama mikono yake. Kisha akanitazama. Nilikuwa nimesubiri miaka kutazamwa hivyo na sikuweza kuvumilia. Akasema, "Shangazi yako hajambo?"

Akachukua saa yake, akaondoka akipita katikati ya uwanja, na watu wakafikiri ameona aibu kwa sababu ya mchezo, wakazidi kucheka. Mimi nilining'inia baada yake. Sekunde sabini na moja. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Nimechaguliwa kuwa mshikaji.

Jioni niliweka ile picha mezani karibu na mkono wake. Nimekula na kile kidole kilichopinda maisha yangu yote. Siku zote alidai kilibanwa na mlango wa lifti. Hakukana. Alisema, "Nilimwambia miezi sita. Ilikuwa wiki moja." Akaendelea kula.

Tangu siku ile haniiti Karatasi. Haniiti kitu chochote.

Ulijua tangu Machi. Ile miezi minane, kulikuwa na siku hata moja uliyonifundisha mimi?

Wajina wako.


24 Oktoba

Wajina,

Marahaba. Barua yako imefika leo asubuhi na ninajibu leo asubuhi. Turubai la watu liko nusu.

Umeniuliza jambo. Nakujibu. Baba yako alipopata mtoto wa kike akampa jina langu, bila kuniuliza, kama mtu anayerudisha sahani aliyoivunja kwa kuleta nyingine. Sikuwahi kukuchukia. Lakini nilipopokea barua imesainiwa kwa jina lile, inauliza aanzie wapi, nilicheka peke yangu mpaka mwenye karakana akaja kuona. Nilikufundisha vizuri. Kila neno nililokuandikia kuhusu mwili ni kweli. Mengine yalikuwa yangu.

Sasa rudi kwenye sekunde ya kumi na tisa. Umeandika "akashuka". Mtu anashuka kwa njia mbili. Vidole vinateleza kimoja kimoja, kuanzia kile cha mwisho, au mkono wote unafunguka kwa pamoja. Ulikuwa karibu. Uliona lipi?

Siku yangu nilikuwa natazama chini, kwa watu, nacheka. Nilikuwa na kilo arobaini na tatu na aliniambia niachie mikono, ameshanipata, na nilidumu sekunde kumi na tisa mikononi mwake. Mpaka leo sijui kama aliteleza au aliniachia ili asivutwe na yeye. Miaka ishirini na miwili nakanyaga cherehani na swali hilo. Kuteleza ningeweza kukubali. Hata wiki moja ningeweza kukubali.

Muulize. Wewe atakuambia. Nijibu haraka, wajina, tafadhali.

Shangazi yako.


15 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Mama anatafuna pande zote mbili sasa. Baba amemaliza lifti ya pili, na siku ya kuifungua alipanda peke yake mara ishirini kabla ya kumruhusu mwenye jengo.

Barua zako tatu zilifika. Nilikuwa na mitihani.

Timu imeanza mazoezi. Mimi namshika Springi. Naning'inia kwa magoti, yeye anashika vifundo vya mikono yangu nami vyake, miguu yake iko mita moja na nusu juu ya magodoro. Haniiti tena Bibi Ukuta. Wiki iliyopita nilimsimulia habari yako yote, pamoja na kilo na sekunde, kwa sababu nilifikiri anapaswa kujua. Siku iliyofuata nilihesabu kwa sauti tukiwa juu. Nilipofika kumi na nane nikanyamaza. Sikulegeza hata kidole. Nilinyamaza tu, nikamwangalia usoni. Kisha nikaendelea hadi arobaini. Aliposhuka alishika godoro kwa mikono miwili, akaniambia asante. Nimefanya hivyo kila siku tangu hapo. Sikudhani kwamba ningekuwa mtu wa kufanya hivyo, na naona sina haraka ya kuacha.

Baba nilimuuliza. Ulikuwa sahihi, mimi aliniambia. Tulikuwa jikoni, anasuuza kikombe, akanieleza kidole kwa kidole, akaniuliza kama utaniuliza, nikasema ndiyo, akasema basi mwambie.

Sitakuambia.

Najua utaisoma barua hii mara nyingi. Utatazama herufi zangu kama zimesimama au zimelala, na wapi nimeinua kalamu. Nimeandika taratibu. Hutapata kitu.

Ukitaka kujua, njoo umuulize. Nyumba yetu iko ghorofa ya tatu, na fundi wa lifti anaishi kwenye jengo lisilo na lifti. Ngazi ni nyingi kwa mtu aliyezoea hatua kumi na moja kwa siku, kwa hiyo usianze nazo. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja usawa wa mabega. Sakafu utaikuta mwezi wa tano.

Wajina wako.